Damu ya Panya na Gundi ya Nyuki

Safari za kupeleka wagonjwa Nairobi zimekuwa sehemu ya maisha ya jamaa nyingi za pwani. Huko, katika maduka ya dawa za asili ya katikati ya jiji, mgonjwa aliyeambiwa kuwa damu yake imepungua huenda akauziwa chupa ya propolisi, akielezwa kwamba maabara zimethibitisha kuwa inaongeza damu. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na yafaa tuujue mpaka wake.

Propolisi si asali. Ni gundi ambayo nyuki huitengeneza kwa utomvu wa miti na nta, wakazibia nyufa za mzinga. Surat An-Nahl inataja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki. Gundi hii asili yake ni miti, na miti ikibadilika, nayo hubadilika. Chupa mbili zaweza kufanana kwa rangi na zisifanane kwa yaliyomo.

Ama majaribio, yapo. Watafiti wa Zagreb, nchini Kroatia, waliwapa propolisi panya waliotiwa dawa kali za saratani, kisha wakachunguza damu yao. Matokeo yalitia moyo. Lakini panya si mwanadamu. Chembe nyekundu ya damu yake huishi siku chache kuliko yetu, ambayo huishi siku kama 120. Tena panya huyo aliharibiwa damu kwa kemikali inayojulikana, na kipimo cha dawa kilikadiriwa kwa uzito wake. Mama anayechoka na kuona kizunguzungu, sababu yake haijulikani hadi apimwe. Huenda ni upungufu wa madini ya chuma, minyoo, malaria, selimundu au damu inayovuja ndani kwa ndani. Kila moja ina tiba yake, na kila wiki anayongoja chupa ifanye kazi, ugonjwa wenyewe haungoji.

Hata kwa mnyama, kazi huanza na kipimo. Kule Kabete, magharibi mwa jiji, katika Kitivo cha Utabibu wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi hufundishwa kuisoma damu ya ng'ombe kabla ya kuamua tiba. Je, mzazi wetu astahiki uangalizi mdogo kuliko ng'ombe?

Basi, kwanza apimwe wingi wa damu. Kwa mama mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Pili, muuzaji aulizwe kama dawa yake imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Tatu, daktari aelezwe kila kinachonywewa, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwani katika maabara propolisi nayo imeonekana kupunguza kuganda huko. Anayedhurika na mazao ya nyuki ajiepushe nayo kabisa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu.