Labour walijivua nguo wenyewe

Oktoba 2010, wabunge wa chama cha Labour cha Uingereza, wakiwa ndio kwanza wametoka madarakani, walipewa karatasi ya kura yenye majina 49. Nafasi za kugombewa katika baraza kivuli la mawaziri zilikuwa 19. Yvette Cooper aliongoza kwa kura 232. Peter Hain, waziri wa siku nyingi, akaangushwa.

Miezi tisa baadaye utaratibu huo ukazikwa. Kiongozi wa chama, Ed Miliband, alidai chaguzi hizo zinawapotezea watu muda wakati kuna serikali ya kukabwa koo. Julai 2011 wabunge wakamkubalia kwa kura 196 dhidi ya 41. Tangu hapo mawaziri vivuli wamekuwa wa kuteuliwa na kiongozi, mtindo ambao kambi ya upinzani ya bungeni kwetu Tanzania iliuzoea.

Gazeti hili halimung'unyi maneno: lilikuwa kosa, tena la kujitakia.

Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro zake, hatubishi. Wabunge waliwachagua wenzao bila kujua nani atapewa kazi gani, na palipo na kura ya siri hapakosi nipe nikupe. Lakini kosa kubwa la msimu ule halikutoka kwenye sanduku. Uwaziri kivuli wa fedha alipewa Alan Johnson, aliyetania mwenyewe kwamba ataanza kwa kutafuta kitabu cha uchumi cha wanaoanza. Cooper na mumewe Ed Balls, wote wasomi wa uchumi, walipelekwa mambo ya nje na mambo ya ndani. Januari 2011 Johnson akajiuzulu kwa sababu binafsi, na Balls akaitwa kushika fedha. Nani aliwapanga hivyo? Kura ilileta majina tu. Aliyegawa kazi ni kiongozi. Aliyekosea kugawa ndiye akaongezewa rungu.

Juni 2016, wabunge 172 wa Labour walipiga kura ya kutokuwa na imani na Jeremy Corbyn, kiongozi wa chama wakati huo. 40 tu walimtetea. Hakung'oka, na uteuzi wa mawaziri vivuli ulibaki mkononi mwake. Septemba wakakumbuka shuka kumekucha: kwa kura 169 dhidi ya 34 walitaka uchaguzi wa baraza kivuli urejeshwe. Baadhi yao walikuwa wameuzika kwa mikono yao wenyewe.

Haukurejeshwa.