Sigara Iliyokufa Kabla ya Kuuzwa



Mwezi huu tuzungumze juu ya sigara. Najua utasema, "Nyumbani kwetu havuti mtu isipokuwa baba watoto." Subiri kidogo.

Ninyi wa Katumba, Mishamo na Inyonga mnaijua tumbaku kuliko mimi. Tangu Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, mmezoea vitalu, kuni za bani, na usiku wa kupanga majani kwa madaraja huku mtoto amelala mgongoni. Mnakijua pia kichefuchefu kinachomshika mchumaji majani yanapokuwa na umande. Hiyo ni nikotini inayopenya kwenye ngozi, nayo haimfai kabisa mama mjamzito. Lakini tumbaku hiyo hiyo imelipa ada na kununua bati, kwa hiyo sikuja kumlaumu mtu.

Nataka tu tulifuate robota likishapimwa kwenye chama cha msingi. Mbele ya safari jani hupewa jina, rangi na mtu wa kuuziwa.

Mwishoni mwa mwaka 1989 kampuni ya Marekani, R. J. Reynolds, ilitangaza sigara mpya iitwayo Uptown. Ilikuwa ya mentholi, pakiti yake nyeusi na dhahabu, na ilikusudiwa Wamarekani weusi. Majaribio ya kuiuza yalipangwa kuanza Februari 1990 katika mji wa Philadelphia. Kampuni ilikuwa imewachunguza watu hata namna wanavyofungua pakiti! Ilipoona kwamba wengi huifungulia chini, ikazipanga sigara kichwa chini, kichungi kikaelekea huko. Mimi nilipojifunza habari hii nilishtuka. Sisi wenyewe hatuwachunguzi watoto wetu kwa makini kiasi hicho.

Watu wa Philadelphia hawakungoja. Wachungaji na waumini wao, waganga na vikundi vya mtaani waliungana kuipinga. Januari 18, 1990, Waziri wa Afya, Dk. Louis Sullivan, naye Mmarekani mweusi, aliikemea kampuni hadharani. Kesho yake kampuni ikaifuta Uptown. Haikuuzwa hata pakiti moja.

Haukupita mwezi mwingine mzima, ukafichuliwa mpango wa kampuni hiyo hiyo wa sigara iitwayo Dakota. Safari hii waliolengwa walikuwa wasichana wa kizungu wasio na elimu kubwa. Hiyo ilifika sokoni kwa majaribio, lakini haikudumu.

Utauliza, Philadelphia na Mpanda wapi na wapi? Mwaka 1995 serikali yetu ilipobinafsisha kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam, aliyenunua sehemu kubwa ya hisa alikuwa R. J. Reynolds huyo huyo. Mwaka 1999 biashara yake ya nje ya Marekani ikachukuliwa na Wajapani. Sheria yetu ya mwaka 2003 iliyabana matangazo ya sigara, ikakataza pia kumwuzia mtoto aliye chini ya miaka 18.

Sasa turudi nyumbani. Ni nani anayekwenda kwenye kibanda kununua ile sigara moja ya baba baada ya chakula? Ni mtoto wa miaka saba, na mara nyingi tunaomtuma ni sisi mama. Anajua jina lake, anajua rangi ya pakiti na bei. Hakuna tangazo linaloweza kumfundisha vizuri kuliko hivyo.

Mwenzetu mmoja wa Mpanda mjini alimwambia mumewe kwa upole, wakiwa wawili tu, "Baba, chochote kingine nitamtuma mtoto, ila sigara sitamtuma tena." Baba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akavaa kandambili akaenda mwenyewe. Masika yalipokolea na njia ikajaa tope, ziko jioni ambazo alitazama nje, akakaa.