Nimesugua Sakafu za Gîte, Msiniambie ni Soko

Makamanda, juzi kwenye kundi letu kuna mwenzetu alirusha picha za vijiji vya mawe vya Ufaransa. Vichochoro, maua madirishani, paa za zamani. Chini akaandika eti tuone soko huria linavyojenga nchi. Dole gumba zikamiminika. Nikanyamaza siku mbili, lakini leo hapana.

Mimi hivyo vijiji sivijui kwa picha. Nilipokuwa nasoma huko, kiangazi kimoja nilifanya usafi kwenye nyumba za likizo katika bonde la mto Lot, kusini-magharibi, sio mbali na Saint-Cirq-Lapopie na Rocamadour. Nyumba hizo wanaziita gîte. Unapanga nyumba nzima kwa wiki, unakuta jiko na masufuria, unajipikia mwenyewe, mwenye nyumba anakupa ufunguo anaondoka zake. Jumamosi ndiyo siku ya kubadilishana wageni: wa zamani wanatoka saa nne asubuhi, wapya wanaingia saa kumi jioni. Hapo katikati ni mimi, ndoo, na mlima wa mashuka.

Sasa tuulizane, soko lilijenga nini pale?

Likizo yenyewe haikuletwa na soko. Mwaka 1936 wafanyakazi waligoma na kukalia viwanda, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Kabla ya hapo likizo ilikuwa ya wenye nazo. Gîte ya kwanza ilifunguliwa 1951 kwenye Alpes za kusini, na aliyelisukuma jambo hilo alikuwa seneta, Émile Aubert. Vijana walikuwa wanakimbia mashamba, nyumba zinabomoka zenyewe. Akasema mkulima asaidiwe kukarabati nyumba iliyolala, aipangishe kwa familia za mjini zisizomudu hoteli. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Gîtes de France. Hapo kuna seneta, kuna mkulima. Soko limekaa wapi?

Na huo uzuri wa kwenye picha? Mwaka 1982 Charles Ceyrac, meya wa Collonges-la-Rouge, kile kijiji cha mawe mekundu, alikusanya mameya wenzake wakaanzisha umoja wa vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa. Ili uingie, kijiji kisizidi watu 2,000, kiwe na angalau maeneo mawili yanayolindwa kisheria, na baraza lililochaguliwa na wanakijiji liamue kuomba. Ukitaka kubadili dirisha la nyumba yako karibu na jengo linalolindwa, unaomba kibali. Jamani, soko huria gani hilo la kuombea kibali cha dirisha?

Ila tusidanganyane, mambo pale si asali tupu. Mimi mwenyewe nilikosa chumba. Nyumba ninazosafisha ni nyingi, ya kunilaza hakuna, nikaishia kwenye karavani nyuma ya zizi. Kijana wa pale pale, fundi bomba, alikuwa bado anaishi kwa mama yake, sio kwa kupenda. Kila nyumba inayopata mnunuzi inageuka ya wageni. Julai huwezi kupita barabarani, Novemba madirisha yamefungwa na mbwa hana wa kumbwekea.

Na hilo nalo limetengenezwa na siasa. Kwa miaka mingi, chini ya mfumo rahisi wa kodi, mwenye gîte iliyokaguliwa na kupewa nyota aliondolewa asilimia 71 ya mapato yake kabla ya kuanza kutozwa. Anayempangishia mwalimu nyumba tupu mwaka mzima aliondolewa asilimia 30. Wewe ungempangishia nani? Serikali yenyewe ilimlipa mwenye nyumba amfukuze mwalimu, halafu ikashangaa kijiji hakina watoto.

Novemba 2024 ndipo ikaja sheria ya kurekebisha. Ile 71 ikashushwa hadi 50, na gîte zisizo na nyota kutoka 50 hadi 30. Mameya wakapewa nguvu zaidi ya kuweka ukomo. Wanaoipeleka bungeni walikuwa wawili: Annaïg Le Meur wa chama cha Macron, na Iñaki Echaniz, Msoshalisti wa upinzani. Sisi huku tunaambiwa kila siku kazi ya upinzani ni kupiga kelele.

Mimi bado sijaridhika. Hamsini ni kubwa kuliko thelathini, mgeni wa wiki bado anapendelewa kuliko mwalimu. Na sheria inamchanganya mkulima na tajiri kapu moja. Mama mmoja niliyemfanyia kazi anafuga mbuzi wa jibini, ana gîte moja uani kwake. Bila hiyo angeshauza mbuzi zamani. Mtu wa namna hiyo mwachie nafuu yake, ndiye Aubert alimfikiria. Mwenye nyumba sita, anayeishi mji mkubwa na ambaye sikumwona hata siku moja msimu mzima, huyo wa nini kumbembeleza kwa kodi?

Mojawapo ya nyumba zake sita ilikuwa shule ya kijiji, ilifungwa watoto walipoisha. Kwenye korido kuna safu ya vishikizo vya kutundikia makoti, viko chini, usawa wa kiuno changu. Wageni wanavipenda sana, wanavipiga picha. Mimi kila Jumamosi nilikuwa navifuta vumbi.

Huyo mwenzetu aliyerusha picha, kama anabisha, hoja iko wazi, aje tuijadili kwenye kundi.