MAJI HAYASOMI HATIMILIKI



Kila masika wakubwa hutuambia kwamba mafuriko ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Sisi tunakataa kumsingizia Mungu. Mvua hutoka mbinguni. Mafuriko ya Nairobi hutoka katika afisi za mipango, ambako vibali vya ujenzi hupewa wenye nguvu na mito husahauliwa.

Tukumbuke mwaka wa 2024. Mwezi Aprili Mto Mathare ulivunja kingo zake ukaingia vibandani. Nchini kote, mvua hiyo iliua zaidi ya watu 270. Serikali ikaamuru kila aishiye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke. Tingatinga likafika Mathare na Mukuru, mvua ikiwa bado inanyesha. Aliyenyang'anywa blanketi na maji akanyang'anywa mabati na dola. Mwezi Mei Rais aliahidi kila familia iliyobomolewa shilingi 10,000. Hiyo ni kodi ya miezi michache, wala si makao.

Wazee wetu wameyaona haya. Mei 1990, katika giza la chama kimoja, vibanda vya Muoroto vilibomolewa na makanisa yakapaza sauti. Tulipigania vyama vingi ili mnyonge asifukuzwe kama mbwa bila kusikilizwa. Je, tulibadilisha katiba au tulibadilisha madereva wa tingatinga?

Hatusemi kwamba watu wabaki penye mauti. Tunasema sheria iwe moja. Agosti 2018 majumba ya biashara kama Ukay Centre na South End yaliangushwa kwa kujengwa kwenye mikondo ya mito, na wengi wetu tulishangilia. Kisha kelele zikatulia, na majengo mengine ya mawe yangali kando ya mito mpaka leo. Maskini huambiwa mita 30. Tajiri huulizwa wakili wake ni nani.

Lakini maji hayasomi hatimiliki. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukashuka kupitia mji wenye watu zaidi ya milioni 4. Kinamasi kikifukiwa na uwanja ukimwagiwa saruji, mvua haipati pa kuzama. Hukimbilia mitaroni, mitaro ikijaa taka, huingia kwa jirani aliye bondeni. Kwa hiyo anayejenga vibaya juu huua chini. Na kwa kuwa tabianchi inabadilika na mvua kubwa inazidi ukali, mtaro uliopimwa kwa mvua ya zamani hautoshi tena.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inatupa haki ya mazingira safi. Ya 43, haki ya makao yanayofaa. Tuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kinachokosekana ni uadilifu.

Leo mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Fedha hizo ni zetu. Basi tuna haki ya kudai haya:

Kwanza, kabla ya msingi wowote kuchimbwa, ramani ya mikondo ya maji ibandikwe hadharani, chifuni na makanisani, kila mtu aisome.

Pili, kila mtaa mpya uwe na mitaro ya kutosha, miti, na uwanja wazi wa kunywa maji ya mvua.

Tatu, asihamishwe mtu kabla ya kuonyeshwa pa kuhamia.

Nne, wakazi washirikishwe kikweli. Mukuru, iliyotangazwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017, ilionyesha kwamba wakazi wa vibandani wanaweza kuketi na wataalamu wakapanga barabara na mitaro yao.

Injili ilikwisha kutufunza hatima ya nyumba iliyojengwa mchangani. Nanyi waumini, msingoje kuombewa michango ya mazishi. Kaunti ikiita kikao cha kusikiliza maoni, jazeni ukumbi. Ulizeni maji yatapita wapi, na jibu liandikwe. Asiyeziba ufa atajenga ukuta; na ukuta huu tayari umewaangukia watoto wetu.