Kibati: Nani anahesabu vidonge vya mzee?

Katika vijiji vya Kibati, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, mzee anayelalamika mgongo au magoti hapelekwi kwanza kwa muganga. Mtoto anatumwa farmasi na noti mkononi, anarudi na vidonge vitatu au vinne ndani ya kafuko kasiko na jina. Maelekezo ni mafupi: ameze akisikia maumivu.

Shida iko hapo. Mtu aliyebeba viazi na kuni maisha yake yote, akakimbia volkano 2002 na tena 2021, na vita katikati, anasikia maumivu asubuhi, mchana na usiku. Akifuata neno la farmasi, atameza bila mwisho.

Nyumba za kutunzia wazee kama zile za Ulaya, ambako muuguzi anaandika saa, kiasi na sababu kila anapotoa dawa, karibu hazipo huku. Mzee anakaa kwa watoto wake. Binti anampa kidonge kabla ya kwenda shamba, mkamwana anampa kingine saa sita, mjukuu naye jioni. Wote wanampenda mzee wao. Hakuna anayejua mwenzake alitoa nini.

Hata paracetamol ina mpaka. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, ni kusema vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi moja na nyingine zipite angalau saa nne. Mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini anahitaji pungufu, na ni muganga wa kuamua. Tena dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake.

Za kuogopwa zaidi ni diclofenac na ibuprofen, ambazo ndizo zinazopendwa sana. Zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio, hasa kwa mzee anayemeza tayari dawa za tansio. Mzee akienda choo cheusi kama lami, asingoje kesho: apelekwe kituo cha afya. Tramadol nayo inaleta usingizi na kizunguzungu, na choo cha Kibati kiko nje, kwenye mawe ya volkano, gizani.

Wenye farmasi wanajitetea kwamba mteja ana pesa ya vidonge vinne tu. Ni kweli, umaskini si kosa lao. Lakini kuandika jina la dawa, kiasi na saa juu ya kafuko kunaomba kalamu tu, na zoni ya afya ya Nyiragongo ingeweza kulidai jambo hilo sherti katika kila ukaguzi.

Nyumbani, mtu mmoja ashike dawa, naye awe na daftari la shule: tarehe, saa, dawa gani, na kama maumivu yalipungua. Muganga akiuliza mzee alimeza nini, familia isijibu tena "vile vyeupe".