Mke mmoja, shamba moja, jina moja

Wasifu wa mzee aliyehamia Tongaren, Bungoma, miaka ya 1960 karibu hufanana na wa jirani yake. Alibatizwa, akafundisha shule ya Jumapili, akawa mweka hazina wa kanisa, akaoa mke mmoja, akaishi naye hadi mwisho. Wajukuu huusoma kwa zamu kwenye kipaza sauti huku kukhu, yaani bibi yao, ameketi mbele, chini ya hema. Maneno hayo "mke mmoja" hupita upesi, na hapo ndipo wasifu wetu huwapunja marehemu.

Marafiki, kanisa ambalo wengi hapa huliita Friends, walianza kazi Kaimosi mwaka 1902 kupitia Wamarekani watatu: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Mafundisho yao yalipanda hadi Lugulu na kwingineko Bungoma. Leo Tongaren ina mkutano wake wa mwaka, yaani chombo cha eneo cha kanisa hilo. Wamisionari hao walisisitiza ndoa ya mke mmoja miongoni mwa watu ambao kwao wake wengi walikuwa heshima, nguvu kazi na ukoo mpana. Chifu Sudi Namachanja, baba yake Kadinali Maurice Otunga, alikuwa na wake wengi, na hakuna aliyeshangaa. Kijana aliyechagua mmoja alijipunguzia mikono ya kulima na wakwe wa kumtetea. Imani yake ilikuwa na gharama, naye aliilipa.

Mke naye alipata kinga. Sheria ya ndoa za Wakristo Waafrika ya mwaka 1931 ilisema mjane aliyefunga ndoa ya kanisani halazimiki kurithiwa na shemeji yake. Kwa mwanamke wa zama hizo, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Kisha ikaja ardhi. Kuanzia 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuyagawa katika mpango wa ekari milioni moja, uliolenga kuzipa makao familia zipatazo 35,000 nchini. Naitiri, Ndalu, Kabuyefwe na Tongaren yenyewe zikajaa wageni. Shamba lilikuja na deni. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya mahindi, H611, na mahindi na maziwa yakawa tegemeo la kulipa mkopo. Palizi, kukamua alfajiri, kupukuchua, kubeba magunia: mume na mke walifanya yote pamoja, watoto wakiwafuata nyuma. Kwa nyumba ya mke mmoja hapakuwa na mwingine wa kumpokea mama jembe.

Deni lilipokwisha, hati ya shamba kwa kawaida ilitoka kwa jina la mume.

Wazee wengi husema jina si kitu, kwani katika ndoa njema chao ni chao wote. Ni kweli mzee akiwa hai. Akishafariki, wana na ndugu huanza kupima mipaka, na kukhu hulazimika kwenda mahakamani ili atambuliwe kwenye shamba alilolilima tangu ujana wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya shambani na malezi ya watoto kuwa mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu, ikiamua kesi ya wanandoa waliotengana, ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Mchango sharti uthibitishwe. Ajuza wa miaka themanini ataonyesha risiti gani ya palizi ya 1966?

Makanisa yetu yana nafasi nzuri hapa. Kila mwaka hubariki ndoa za wazee walioanza kwa mila, bibi harusi akivaa gauni jeupe na wajukuu wakimshikia maua. Huadhimisha pia miaka hamsini ya ndoa kwa keki na nyimbo. Mchungaji anayetafuta mashahidi wa kubariki ndoa aulizie na hati ya shamba. Wazee humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza chifu. Awasindikize wote wawili hadi ofisi ya ardhi Bungoma, majina yaandikwe pamoja, mzee angali na fahamu zake na uwezo wa kutia sahihi.