Nani Apite Mlango wa Chuo cha Udaktari?

Anayedahiliwa leo katika chuo cha udaktari ndiye atakayetutibu kesho. Kwa hiyo vigezo vya udahili vinamhusu mgonjwa kama vinavyomhusu mwanafunzi.

Vigezo hivyo vimebadilika. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwombaji wa chuo kikuu nchini Tanzania awe amefanya kazi kwanza, tena athibitishwe na mwajiri wake na chama. Nia ilikuwa njema: msomi awajue watu atakaowatumikia. Lakini hatima ya kijana iliwekwa mikononi mwa mtia sahihi, na baadaye utaratibu huo ukaachwa. Leo kinachoamua ni ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita. Alama haziulizi mtoto ni wa nani, na hiyo ni haki. Ila haziulizi pia nani alisoma bila maabara, wala nani yuko tayari kurudi kwao.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 na 2021 inashauri vyuo vidahili wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye mwelekeo zaidi wa kuhudumu huko. Kiwango kisishushwe. Miongoni mwa waliotimiza sifa, nafasi kadhaa zitengewe wanaotoka wilaya zenye upungufu wa madaktari, kwa kigezo kilichotangazwa wazi, si kwa barua ya mkubwa.

Mgonjwa wa wilaya ya mbali hana kiti katika kamati ya udahili. Walio na viti wamkumbuke.